Somo: Sindano ya kambale haitengenezi mayai

Mara yangu ya kwanza nilimdunga jike wa kambale mwenye tumbo kubwa sindano ya homoni ili atage, nikakesha naye, na alfajiri nikamkamua nikapata damu na vipunje vichache. Nikailaumu dawa, kumbe tumbo lile lilijaa mafuta tu.

Ubongo wa samaki hutoa homoni ya GnRH, ambayo huiamuru tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, kumwaga homoni nyingine, LH, kwenye damu. LH hupiga hodi kila mahali, lakini huitikiwa tu na seli zenye kipokezi chake, yaani sehemu ya seli inayoinasa homoni hiyo. Kwa jike, seli hizo zimezunguka yai ndani ya ovari.

Kambale wa bwawani mayai yake hukua vizuri, kisha hukwama karibu na mwisho. Anayeyakwamisha ni dopamini, kemikali ya ubongo: hushika vipokezi vyake kwenye pituitari na LH haitoki ya kutosha. Porini, mvua na maji yanayopanda ndiyo humfungulia. Bwawani tunamfungulia sisi.

Hatua ya 1: Chagua jike. Hapa usiwe na haraka. Vuta mayai machache kwa mrija mwembamba. Yawe yanalingana, kila moja kama milimita 1 hivi. Yatie kwenye dawa ya kuyaangaza uone nyuklia, yaani kiini cha yai. Ikiwa bado katikati, mrudishe bwawani. Ikiwa imesogea pembeni, yameiva, na vipokezi vya LH vipo tayari.

Hatua ya 2: Pima uzito kwa mizani, usikisie, kisha dunga kwenye msuli wa mgongo. Wengine hutumia GnRH ya kutengenezwa pamoja na domperidoni, inayoiziba dopamini. Wengine husaga pituitari ya samaki mkomavu, ambayo ina LH yenyewe ndani.

Hatua ya 3: Subiri kwa kufuata joto la maji. Kwenye nyuzi 25 ni takriban saa 11. Kwenye 20 karibu muda huo mara mbili. Wakati huo LH inazifanya seli za ovari kutoa projestini, homoni ya kuivisha yai, nayo hushika vipokezi vilivyo kwenye utando wa yai lenyewe. Hapo ndipo yai humalizia kuiva.

Hatua ya 4: Mkaushe jike kwa kitambaa, kamua kwenye bakuli kavu. Dume la kambale halikamuliki, hivyo hutolewa korodani. Changanya kwanza, maji baadaye, maana mbegu zikiguswa na maji hazidumu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, jike ambaye hajaiva nikimwongezea dozi?
Utapoteza dawa na pengine samaki. Vipokezi vikiwa vichache, hata ukiijaza damu LH hakuna wa kuitika.

Naweza kutumia GnRH bila domperidoni?
Kwa kambale, mara nyingi utakesha bure kama mimi. Samaki wengi wa baharini breki yao ya dopamini ni hafifu, hao GnRH pekee huwatosha.

Na perege je, nao wadungwe?
Hapana, ndugu yangu! Perege wanazaa wenyewe hadi bwawa linajaa. Kwao homoni hutumika kinyume: vifaranga wachanga hulishwa methiltestosteroni, homoni ya kiume ya kutengenezwa, inashika vipokezi vya homoni za kiume, na karibu wote wanakuwa madume.