Mwenye mzigo, haraka yako inaliwa na nani?

Nilikaa chumba cha injini miaka kumi na moja kabla sijashuka nchi kavu na kuwa wakala wa mizigo. Mteja akiniuliza mzigo utafika lini, namrudishia swali: lazima ufike lini hasa? Mara nyingi hajui. Ameandika "haraka" kwa mazoea tu.

Anzia hapo, kwenye tarehe. Meli ikipunguza mwendo kwa asilimia 10, mafuta inayokula kwa saa hushuka kwa karibu asilimia 27. Safari itarefuka, lakini hata ukizihesabu saa za ziada, umeokoa kama asilimia 19. Siku 20 zinakuwa 22 na ushee. Basi agiza mapema, uwe na siku tatu za akiba. Tumewahi kukimbia usiku na mchana tuwahi bandari, kisha tukatia nanga nje siku nne tukingoja gati! Anayekodi meli nzima aandike kwenye mkataba kwamba nahodha anaruhusiwa kupunguza mwendo kukiwa na foleni bandarini. Bila kifungu hicho, nahodha anabanwa aende mbio hivyohivyo.

Mafuta yenyewe si ya kukusumbua sana. Tangu 2020 kiwango cha salfa ndani ya mafuta kimebanwa kutoka asilimia 3.50 hadi 0.50, na hilo ni jukumu la mwenye meli.

Watu ndio wa kuulizia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006 una kipimo cha mapumziko: saa 10 katika kila saa 24, na 77 kwa wiki, zisipungue. Kwenye meli moja niliyoifanyia kazi, karatasi ya mapumziko tuliijaza mwisho wa mwezi kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, na kwa mujibu wake sote tulilala vizuri ajabu. Mwezi huohuo nilimkuta msaidizi wangu amesinzia akiwa wima, tambara mkononi, nusu hatua kutoka kwenye bomba la moto. Nilimshika bega polepole, asije akashtuka akaliegemea.

Kwa hiyo, kabla hujalipa, omba namba ya IMO ya meli, yaani namba ya utambulisho ya Shirika la Kimataifa la Bahari. Ina tarakimu saba, na haibadiliki hata meli ikipewa jina jipya au bendera nyingine. Iingize kwenye Equasis, tovuti ya kumbukumbu za usalama wa meli. Ni bure, unajisajili tu. Utaona imezuiliwa bandarini mara ngapi na kwa kasoro gani. Shirika la Kazi Duniani nalo lina orodha ya meli zilizotelekezwa, mabaharia wakiachwa bila mshahara. Ukiona jina la mwenye meli humo, tafuta mwingine, hata kama bei yake ni tamu. Hasa kama bei yake ni tamu.

Mwisho, kontena lako. Lipime, uzito wa kukisia ulipigwa marufuku tangu Julai 2016. Mapipa yasimame, yafungwe mikanda, nafasi zijazwe kabari za mbao. Na kama umefukiza dawa ya wadudu, bandika alama ya hatari mlangoni, yenye jina la dawa, tarehe na saa, kisha iandike pia kwenye hati za mzigo. Fosfini, gesi ya sumu ya kufukizia wadudu, haina rangi, na atakayefungua mlango hakuwepo ulipokuwa ukiufunga.