Shoga, mumeo Mjerumani hajui mafumbo

Shoga yangu uliyeolewa na Mjerumani, shika hili kwanza: ukimwambia "hamna kitu", yeye anaamini hamna kitu. Atakwenda zake kusoma gazeti, wewe ubaki umenuna mpaka usiku, na asubuhi akuulize kama umelala vizuri.

Sisi wa Tanga tumekulia kwenye mafumbo. Nilipokasirika nilijifunga kanga yenye jina "Kimya kingi kina mshindo mkuu", nikampitia mbele mara mbili tatu. Mume wangu, naye Mjerumani kama wako, akasifia maua.

Basi ukiwa na jambo, ngoja mmalize kula, umwambie unataka mzungumze, kisha litaje lilivyo: "Jana ulinikatisha mbele ya wageni, sikupenda." Ishia hapo. Usimzungushe kwa habari za shangazi wa jirani. Naye akikwambia wali umezidi chumvi, usiende kulia chumbani. Anasema chumvi, hakusemi wewe, na huenda akaongeza sahani ya pili.

Ukweni ni hivyohivyo. Kwetu mgeni hukataa kwanza, mwenyeji akamshurutisha. Hapa Hamburg ukisema umeshiba, sahani inaondolewa, nawe utalala na adabu yako na njaa yako. Unataka? Sema ndiyo wakiuliza mara ya kwanza. Mama mkwe akitaka umwite kwa jina lake tupu na ulimi ukagoma, mweleze na umwombe umwite Mama. Wangu alikubali, tena kwa furaha.

Miadi andikianeni kwa tarakimu. Ukimwambia "saa mbili" ya usiku, yeye atafika saa nane mchana. Na "halb acht" yake, yaani "nusu nane" kwa Kijerumani, ni saa moja na nusu. 19:30 haina ubishi. Ukiona utachelewa hata dakika kumi, tuma ujumbe kabla, maana ukimweleza baadaye keshanuna.

Lakini usikubali kubadilika peke yako, hilo nalikataa kabisa. Kabla hajampigia baba yako simu, mwandikie kwenye karatasi: shikamoo, habari za nyumbani, mama hajambo, mvua zimenyesha, ndipo aseme lililompigisha. Asipige akaanza na shida yake. Kiswahili chake kibovu wazee watakisamehe, hata watakichekelea. Salamu iliyorukwa hawaisahau.

La mwisho ni pesa za kwenu, na ndilo linalovunja nyumba nyingi. Ukituma kimyakimya ili usimtie wasiwasi, wewe unaona umemstiri. Yeye akiziona kwenye taarifa ya benki anaona umemdanganya. Kaeni mwanzo wa mwezi, mtenge fungu la wazazi na ada, na jingine la misiba na wagonjwa, kiasi kitajwe. Mwambie wazi kwamba la misiba halina tarehe. Atauliza maswali mengi, mpaka uhisi uko kituo cha polisi. Mjibu yote, wakishakubaliana jambo, wenzetu hawa hawalirudii.