Mambo ya kuzingatia kabla ya kwenda kutazama fainali za hoki ya barafuni ya wanawake wa vyuo

Kila Machi Waswahili wenzangu hapa Minnesota wananiuliza yaleyale: tuvae nini, tufike saa ngapi, watoto waje? Nayaandika mara moja, msinipigie tena.

Hakikisha kwanza zinachezwa wapi. Fainali hizi za NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, ambazo wenyewe huziita Frozen Four, huhamahama. Mwaka 2023 zilikuwa Duluth, 2024 Durham kule New Hampshire, 2025 zikaja Minneapolis katika Ridder Arena, uwanja uliojengwa mahususi kwa ajili ya hoki ya wanawake na usiofikisha hata viti 4,000. Tiketi kata mapema.

Tena usikate ya Jumapili, siku ya fainali yenyewe, kwa imani kwamba timu yako itakuwepo. Zinaanza timu 11, zinabaki 4. Nusu fainali zote mbili ni Ijumaa, na ukifungwa mara moja unafungasha. Mwaka 2025 timu ya Chuo Kikuu cha Minnesota walitandikwa 6–2 na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin hapohapo nyumbani kwao.

Nguo: ni ndani, ndiyo, lakini mbele yako pamelala barafu. Vaa soksi nzito na ubebe kitu cha kukalia. Leso iliyokunjwa mara nne inatosha. Watoto watazame mchezo, si simu. Kile kisahani kinachopigwa ni gramu 170 hivi za mpira mgumu, kinaweza kuruka hadi jukwaani, na wavu wa kukinga watazamaji uko nyuma ya magoli tu.

Sasa muda. Hoki ni vipindi 3 vya dakika 20, nami mwerevu nikapiga hesabu: dakika 60, tuseme saa moja na nusu na mapumziko yake. Fainali ya 2025 ilianza saa tisa alasiri, kwa hiyo nikakubali kumshikia mwenzangu zamu ya saa kumi na mbili jioni kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Sikujua kwamba saa ya uwanjani husimama kila filimbi inapolia. Sikujua pia kwamba mapumziko ni mawili, wala kwamba waamuzi wanaweza kuganda mbele ya skrini wakirudia tukio moja hadi chai ipoe mkononi.

Kufikia saa kumi na moja na ushei Ohio State, chuo kingine, walikuwa wanaongoza 3–2 dhidi ya Wisconsin na imebaki kama dakika moja. Nikamshika binti yangu mkono. “Mama, bado!” “Yamekwisha haya, twende, nina zamu.” Bibi mmoja mwenye skafu nyekundu ya Wisconsin alisimama kutupisha, akanitazama kama mtu anayeondoka harusini pilau ikiwa bado jikoni.

Tulikuwa maegeshoni, nakwangua kioo cha gari, niliposikia uwanja unalipuka. Binti akafungua simu. Wisconsin wamepewa penalti, Kirsten Simms ameifunga zikiwa zimebaki sekunde 18.9. Tatu kwa tatu. Nikawasha gari hivyohivyo. Hatujafika barabara kuu, Simms huyohuyo akafunga tena, dakika ya tatu ya nyongeza, Wisconsin bingwa kwa mara ya 8. Binti yangu, ambaye hucheza hoki Jumamosi kwa viatu vya kuazima, hakunisemesha hadi Brooklyn Park. Na zamu yenyewe nilichelewa.

Kwa hiyo: tenga saa tatu nzima, na siku hiyo usimwahidi mtu kitu. Nyongeza haina kikomo, inachezwa hadi bao lipatikane. Mwaka 2007, katika robo fainali, Wisconsin na Harvard walikwenda vipindi 4 vya nyongeza ndipo likapatikana bao la pekee la mechi. Mwenye dawa za saa maalumu azibebe. Mwenye mtoto mchanga, abebe nepi za ziada.

Mengine mnayajua. Simu iwe na chaji, maana tiketi iko humo na baridi hula betri. Begi liwe dogo, na usome masharti ya uwanja kabla ya kutoka nyumbani. Kumbuka ulipoegesha, piga picha ya nguzo. Usiku mkirudi endesheni polepole, hasa kwenye madaraja: theluji iliyoyeyuka mchana inakuwa imeganda upya, na kwa macho utadhani ni lami iliyolowa tu.