Paneli za SIP kwa nyumba ya mlimani kwenye baridi kali: anza na maungio, unene baadaye

Mtu akitaka kujenga mlimani kule kwenye theluji, swali la kwanza utasikia "nichukue paneli ya unene gani?" Sio swali baya lakini limekaa mbele ya foleni bila sababu, kwa sababu paneli ya SIP yenyewe katikati haina shida, ni povu gumu limebanwa na bodi mbili za OSB (bodi ya vipande vya mbao vilivyoshikanishwa kwa gundi), baridi haipiti kirahisi hapo. Shida iko pale paneli moja inapokutana na nyingine. Kwahiyo mimi nikichagua naangalia kwanza maungio, halafu ndo naanza kusumbuana na unene.

Ila wacha tumalize ya povu maana hapa ndo watu wanapigwa. Kuna lile jeupe la punjepunje kama linalokuja na TV mpya, hilo ni EPS. Kuna EPS ya kijivu, ni ileile imetiwa grafaiti, inazuia joto vizuri kidogo zaidi. Alafu kuna poliyurethani na ndugu yake PIR, za rangi ya njano, hizi kwenye karatasi ndo zinaongoza, namba ya kupitisha joto unapata kama 0.022 hadi 0.028 wakati EPS nyeupe iko 0.036 hivi na ya kijivu 0.031 (namba ikiwa ndogo ndo bora, usichanganye). Sasa muuzaji atakuonyesha hiyo karatasi na atanyamaza hapo. Asichokwambia ni kwamba namba hizo kwa kawaida zinapimwa kwenye joto la wastani la nyuzi 10 au zaidi, na PIR ikipoa chini ya hapo gesi iliyo ndani ya vitundu vyake inaanza kugeuka kimiminika na uwezo unashuka, wakati EPS inafanya kinyume, baridi ikizidi yenyewe inazidi kuwa nzuri. Pia gesi ya lile povu la njano inatoroka polepole miaka inavyokwenda. Sisemi PIR ni mbaya, kama nafasi ni finyu inakusaidia, ila kwa mlimani mimi nachukua ya kijivu nalala usingizi.

Unene basi. Paneli ya milimita 165 ukitoa bodi mbili za milimita 11 unabaki na povu 143, kwa EPS nyeupe ukuta unakupa U (kipimo cha joto linalopita ukuta mzima, nayo ndogo ndo bora) ya kama 0.23, kwa ya kijivu 0.20. Ukipanda hadi 210 na povu la kijivu unafika karibu 0.16. Kwa ukuta wa baridi kali mimi naanzia 165 ya kijivu, na paa liwe nene kuliko ukuta siku zote, 210 au 260, kwa sababu joto linapanda na juu ndo kwenye balaa.

Haya, maungio. Paneli mbili zinaunganishwa kwa kipande kinachoingia katikati yao, na kipande hicho kinaweza kuwa mbao nzima ya 2x6 au 2x8, au vipande viwili vyembamba vya OSB vilivyozama kwenye povu, au kipaneli kidogo chenye povu lake ndani. Ile mbao nzima ni imara, mafundi wanaipenda, lakini mbao inapitisha joto mara tatu nne kuliko povu, kwahiyo kila mita 1.2 umejiwekea mlango wa joto kutokea nje. Unaweza kuuona kwa macho: asubuhi baada ya theluji nyembamba simama mbali uangalie paa, kama kuna mistari iliyoyeyuka imenyooka toka juu hadi chini, kila mstari mita 1.2 toka mwenzake, hayo ndo maungio yanavuja. Kwahiyo uliza kipande gani kinaingia, na wakikwambia mbao kila mahali waulize injinia ameitaka wapi hasa, maana si kila ungio linaihitaji.

Na hiyo mistari sio ya bili ya kupasha nyumba tu. Hewa ya ndani ina mvuke, watu wanapika, wanaoga, wanapumua, ikipata upenyo mdogo kwenye ungio inapanda hadi kwenye OSB ya upande wa nje, inakutana na baridi na inageuka maji palepale. Niliwahi kuitwa kwenye paa moja halikuwa la zamani, tukang'oa bati pale juu pande mbili za paa zinapokutana, OSB ilikuwa nyeusi na ukiigusa na bisibisi inamegeka kama biskuti iliyolowa, lakini sentimita 40 tu pembeni ya ungio bodi ilikuwa safi kama siku imetoka kiwandani. Fundi alikuwa amepiga povu la kopo akasahau tepu ya ndani. Kule Juneau, Alaska, mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyumba kadhaa zilikutwa na hadithi hiyohiyo, OSB ya paa imeoza kwenye maungio, sababu hewa ya ndani ilipata njia.

Kwahiyo kwenye kotesheni nataka kuona imeandikwa: silanti mistari yote, povu la kopo, NA tepu upande wa ndani kwenye kila ungio la paa. Halafu juu ya paneli za paa weka papi za milimita 38 au 50 kisha ndo bati, hewa ipite chini ya bati toka ukingoni hadi kileleni, unyevu wowote uliotoroka unakauka na theluji haiyeyuki hovyo ikaja kuganda ukingoni. Ni gharama ndio, hiyo usikate. Na makopo ya povu yatunzwe kwenye joto, ukipiga povu kwenye baridi kali halijazi vizuri, fundi atadhani amemaliza kumbe kaacha mapengo.

Uzito wa theluji ni hesabu ya injinia lakini wewe ujue ukubwa wake. Theluji mpya ni kama kilo 100 kwa mita moja ya ujazo, ikikaa ikajishindilia inafika 300, kwahiyo mita moja juu ya paa la mita 100 za mraba ni tani 30. Jedwali la kiwanda linaweza kusema paneli inabeba, sasa uliza inabeba kwa muda gani, maana povu likibonyezwa miezi minne mfululizo linajinama taratibu tofauti na likibonyezwa siku mbili. Mara nyingi jibu ni kuongeza boriti katikati ili paneli isivuke umbali mrefu.

Kitu kingine ni barabara. Paneli kubwa ya mita 2.4 kwa 7.3 ina maungio machache, safi kabisa, ila inataka kreni na lori refu, na kona za mlimani zitakuchekesha. Ile ya 1.2 kwa 2.4 watu wawili wanabeba. Pima kona kabla hujaoda, kwa kweli. Zikifika ziinue toka chini na zifunikwe, kingo za OSB zikinywa maji zinavimba na hazitaingiliana tena.

Bomba za maji usipitishe ukuta wa nje hata kidogo, na matundu ya nyaya yatobolewe kiwandani, fundi umeme akianza kuchimba povu kwa moto ujue kazi imeharibika. Nyumba ikishabana hivi inahitaji mashine ya kubadilisha hewa inayorudisha joto, na kwenye baridi kali iwe ya kujiyeyushia barafu yenyewe.

Mwisho weka kwenye mkataba kipimo cha kuvuja hewa, lile feni linalofungwa mlangoni, na kifanyike KABLA jipsamu haijapigwa. Feni likiwa linavuta pita na mkono uliolowa maji kwenye kila ungio la paa, baridi ikikuchoma kiganjani weka alama ya chaki hapo, umwite fundi na tepu yake.