Kupata mlo unaofaa ukilazwa hospitalini ukiwa na kisukari

Mtu mwenye kisukari anapolazwa hupokonywa kwa siku moja mambo mawili aliyozoea kuyasimamia mwenyewe, yaani chakula anachokula na saa ya kukila. Chakula hutoka jikoni, dawa hutolewa na wauguzi, na vipimo huagizwa na daktari. Kila mmoja hutimiza wajibu wake, lakini si lazima wawe wamezungumza. Kwa hiyo kazi kubwa ya mgonjwa, au ya ndugu anayemuuguza ikiwa mwenyewe hajiwezi, ni kuhakikisha kwamba chakula na dawa havipishani.

Anza siku ile ile unapopokelewa wodini. Usidhani kwamba kwa kuwa neno "kisukari" limeandikwa kwenye faili, basi jikoni wamekwisha kuarifiwa. Mweleze muuguzi aina ya kisukari ulichonacho, dawa zako na saa unazozitumia, dalili unazozihisi sukari inaposhuka, na maradhi mengine yanayoathiri chakula chako, hasa ya figo. Kisha uliza ni nani anayepeleka agizo la mlo jikoni na kama limekwisha kupelekwa. Ikiwa hospitali ina mtaalamu wa lishe, omba akuone mapema. Kugombana na mgawa chakula hakuna faida, kwa sababu yeye hana mamlaka ya kubadilisha kilichoagizwa.

Unapoagiza, usiishie kusema kwamba unataka chakula kisicho na sukari. Chai isiyo na sukari haisaidii sana ikiwa imeandamana na vipande vinne vya mkate, kwa kuwa kinachopandisha sukari ya damu ni wanga wote ulio katika mlo. Omba mlo ambao kiasi chake cha wanga hakibadilikibadiliki, ili asubuhi ya leo na asubuhi ya kesho zilingane. Watu wazima wengi hupangiwa gramu 45 hadi 60 za wanga kwa mlo mmoja, ingawa kiwango chako kitategemea mwili wako, ugonjwa uliokulaza na dawa unazotumia. Kipande kimoja cha mkate, au theluthi ya kikombe cha wali, hubeba takriban gramu 15. Ukijua hesabu hiyo, sinia likiletwa utaweza kutambua kwa macho kwamba wali na viazi vimewekwa pamoja, na ukaomba kimoja kibadilishwe kwa mboga za majani.

Jambo linalostahili uangalifu kuliko yote ni saa. Insulini inayofanya kazi haraka kwa kawaida huchomwa ndani ya dakika 15 kabla ya kula, na ile ya kawaida, iitwayo "regular" au "soluble", huchomwa takriban dakika 30 kabla. Wodini, sindano inaweza kuja kwa wakati na chakula kikachelewa saa nzima, na hapo sukari hushuka mgonjwa akiwa kitandani anasubiri. Mimi ningeshauri usikubali kuchomwa insulini ya haraka kabla ya kuliona sinia au kuhakikishiwa kwamba limefika. Ikiwa una kichefuchefu na hujui utakula kiasi gani, muulize daktari kama unaweza kuchomwa mara tu baada ya kula, kwa kipimo kinacholingana na ulichokula. Mwambie muuguzi ukweli ukiacha nusu ya chakula. Sinia likishaondolewa, hakuna atakayejua.

Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita, yaani miligramu 70 kwa desilita, mwite muuguzi papo hapo. Mgonjwa aliye macho na anayeweza kumeza hupewa takriban gramu 15 za glukosi au sukari ya haraka, kisha hupimwa tena baada ya dakika 15. Mwenye ugonjwa wa figo aliyezuiwa potasiamu asipewe maji ya machungwa kwa kazi hiyo. Vidonge vya glukosi vinamfaa zaidi.

Usishangae sukari ikipanda ingawa unakula vizuri. Maambukizi, upasuaji na dawa za steroidi (dawa za kutuliza uvimbe) huipandisha, na wagonjwa wengi waliolazwa hulengwa wawe kati ya milimoli 7.8 na 10.0 kwa lita, kiwango ambacho huenda ni cha juu kuliko unachojiwekea nyumbani. Kujinyima chakula kwa siri si dawa yake, kwani mwili unahitaji lishe ili kidonda kipone. Dozi ndiyo inayopaswa kurekebishwa.

Ukiambiwa ufunge kwa ajili ya upasuaji au kipimo, uliza kama unaweza kuwekwa wa kwanza asubuhi, na uliza kuhusu kila dawa kwa jina lake. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza haachishwi insulini ya muda mrefu hata asipokula, kwa sababu kuikosa kabisa huweza kumtia katika hatari ya asidi ya ketoni, yaani asidi kujikusanya katika damu mwili unapokosa insulini. Kipimo kikiahirishwa mchana kutwa, waulize wauguzi kama utapewa chakula au dripu ya glukosi.

Chakula kinacholetwa na jamaa kinahitaji ruhusa, tena kiwe badala ya sinia na si nyongeza yake. Mwonyeshe muuguzi kilicholetwa kabla hujala, ili kipimo kijacho cha sukari kisisomwe kimakosa na dozi ikaongezwa bure.

Siku ya kuruhusiwa, omba dozi zako zipitiwe upya, kwa maana zilipangwa kwa milo ya wodini na kwa mwili uliokuwa mgonjwa. Ondoka na karatasi inayoonyesha kila dawa, saa yake na mlo unaoandamana nayo.