Mkiachana Uingereza, mtoto anakaa na nani?

Mwanangu alikuwa na miaka sita nilipoachana na mama yake hapa Leicester. Wiki ileile mjomba akanipigia kutoka Tanga: "Vumilia mwaka mmoja tu. Akitimiza saba ni wako." Alisema kwa nia njema, maana ndivyo wengi wanavyoamini nyumbani. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka saba ni heri akae na mama, hadi ithibitishwe vingine. Hayo ya kuhamia kwa baba baadaye watu wameyaongeza wenyewe. Huku England na Wales hakuna umri wa namna hiyo kabisa. Sheria ya Watoto ya 1989 inatanguliza masilahi ya mtoto, na maoni yake husikilizwa kadiri anavyokua.

Tena, talaka na watoto ni mambo mawili. Cheti cha talaka hakisemi mtoto alale wapi, na kikao cha wazee au talaka ya sheikh haimfungi jaji. Mkielewana, hamhitaji amri ya mahakama: andikeni siku za shule, likizo, Idi au Krismasi, na nani anamfuata wapi. Mkishindwana, kabla ya kupeleka mahakamani fomu C100, ya kuomba amri kuhusu mtoto, kwa kawaida lazima uhudhurie kikao cha kuelezwa usuluhishi. Aliyekuwa akipigwa au kutishwa na mwenzake halazimishwi; huyo aende kwa wakili mapema na kuulizia msaada wa kisheria.

Sasa hili nakuomba ulisome mara mbili: usimpandishe mtoto ndege kimyakimya. Kumpeleka kwa bibi Moshi au Kisumu unaweza kuona ni jambo la ukoo, lakini kumtoa Uingereza bila ridhaa ya mwenzako mwenye wajibu wa kisheria wa mzazi ni kosa la jinai, kwa sheria ya 1984. Baba ana wajibu huo kama mlioana, au kama jina lake limo kwenye cheti cha kuzaliwa kilichosajiliwa hapa tangu 1 Desemba 2003. Mwenye amri ya mahakama kwamba mtoto anaishi naye anaweza kusafiri naye kwa muda usiofika mwezi. Wengine, chukueni ridhaa ya maandishi yenye tarehe ya kwenda, ya kurudi, na mahali mtakapofikia. Na ukihofia kuwa mwenzako anapanga kuondoka naye, kimbilia wakili kabla tiketi haijakatwa, kwa sababu mahakama inaweza kuizuia safari. Tanzania na Kenya hazimo kwenye Mkataba wa Hague wa 1980 wa kurudisha watoto, kwa hiyo akishafika kule, kumrudisha ni safari ndefu.

Pesa ya matunzo isifungwe na kumwona mtoto. "Hujatuma, humwoni" haikubaliki, wala "simwoni, situmi". Na meseji za WhatsApp za saa nane usiku zinaweza kufika mezani kwa jaji.

Ijumaa moja nilikuwa natoa nguo kwenye begi la mwanangu. Ndani ya soksi kulikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne, kwa mwandiko wake wa penseli: *Usimwambie mama tulikula chipsi. Usimwambie baba anko alikuja.* Miaka saba, na tayari alikuwa mtunza siri wa nyumba mbili. Nilimpigia mama yake usiku uleule, mara ya kwanza kwa miezi bila kugombana. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayemuuliza mtoto habari za kule alikotoka, na ujumbe wetu tutapelekeana wenyewe.

Tukaongeza na la bibi yake wa Tanga. Kila Jumapili saa nne asubuhi ya huku anapigiwa simu ya video, mtoto awe kwangu au kwa mama yake. Wakati wa baridi kule ni saa saba, na bibi anakuwa ameshapakua wali.