Namna ya Kujikinga na Moshi wa Kromiamu Unapochomelea Stenlesi

Stenlesi, yaani chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, huwa na metali ya kromiamu isiyopungua asilimia 10.5, lakini fundi anayeishika tu haimdhuru. Hatari huanza pale joto la kuchomelea linapoyeyusha metali na sehemu ya kromiamu kuungana na oksijeni, ikawa kromiamu ya valensi sita (kromiamu iliyopoteza elektroni sita), aina ileile inayotumika viwandani kupaka vyuma kromu, kutengeneza rangi za manjano na kuzuia kutu. Aina hiyo husababisha saratani ya mapafu, huleta pumu, na kwa waliofanya kazi nayo bila kinga imewahi kutoboa ukuta unaotenganisha matundu ya pua.

Anza na njia ya kuchomelea. Elektrodi za fimbo hutoa kromiamu hiyo kwa wingi kuliko TIG (kuchomelea kwa ncha ya tungsteni isiyoyeyuka, ndani ya gesi ya kinga), kwa kuwa sodiamu na potasiamu zilizomo katika ganda lake huiwezesha kudumu ndani ya moshi. Kazi nyembamba, kama vishikio vya ngazi, ifanywe kwa TIG hata kama inakwenda polepole. Chuma kikiwa na praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ya zamani ya manjano, ambayo huenda ina zinki kromati, yenye kromiamu hiyohiyo, ilowanishe kwanza ndipo uikwangue, ili vumbi lisiruke.

Kikomo cha kisheria cha kromiamu hiyo hewani nchini Marekani, kilichowekwa mwaka 2006, ni mikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa saa 8. Kiasi hicho hakionekani kwa macho, kwa hiyo fundi anayesema karakana yake haina moshi hajathibitisha lolote. Mdomo wa bomba la kufyonza moshi uwe karibu kabisa na mahali unapochomelea. Ukiwekwa juu ya kichwa, moshi utapita puani kwanza. Ukifanyia kazi nje, simama upepo ukupige ubavuni, kwa sababu ukiupa mgongo moshi huzunguka na kubaki mbele ya kifua.

Leso na barakoa ya hospitali hazifai hapa. Tumia barakoa ya mpira yenye vichujio vya P100, vinavyonasa karibu chembe zote za moshi, na unyoe ndevu, maana hata za siku mbili huacha upenyo pembeni.

Usipulize vumbi la nguo kwa kompresa. Oga na ubadilishe nguo kazini, uzifue peke yake, na ukianza kutokwa damu puani mara kwa mara, mweleze daktari unachochomelea.